Kabla Hujalifuata Andiko, Lisome Katika Tafsiri ya Pili

Mkristo wa mtaa wa Ngezi anayetafuta Biblia mjini Bunia hana shida ya kukosa. Shida yake ni wingi. Ipo ya Union Version ambayo wazee wengi wameishika tangu ujana wao. Ipo Habari Njema. Ipo ya Kiswahili cha huku kwetu Kongo, ile ya Kingwana. Mwanafunzi wa sekondari ana Segond ya Kifaransa ndani ya mfuko, na mama yake anaimba na kusali kwa Kilendu, Kialur au Kibira. Padri anasoma Biblia yenye vitabu 73, pasta wa ng'ambo ya barabara anasoma yenye 66, na jirani yao Mwislamu ana Kurani yake yenye Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Katika hali hiyo watu hugombania swali la ipi ndiyo Biblia ya kweli. Mimi nataka kujibu swali dogo kuliko hilo, ambalo hata hivyo linagusa maisha kwa karibu zaidi: mtu anayetaka Maandiko yamwongoze katika jambo lake mwenyewe, awe anafikiria kuoa, kutibu mtoto, kulipa deni, kurudi kijijini au kubaki mjini, ashike tafsiri gani? Jibu langu ni kwamba ashike moja iliyo katika lugha anayoitumia kuamulia mambo yake, aisome mfululizo, na asichukue hatua yoyote kubwa kwa sababu ya andiko ambalo hajalisoma ndani ya sura yake nzima na katika tafsiri ya pili ya ukoo tofauti.

Nasema ukoo kwa sababu tafsiri zina koo, na asiyezijua anaweza kudhani ana mashahidi wawili kumbe ana mmoja aliyebadilisha nguo. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza mara moja kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Askofu Edward Steere kule Zanzibar aliongoza kazi iliyotoa Agano Jipya zima mwaka 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891, miaka kadhaa baada ya kifo chake. Mombasa nako wakatoa ya kwao mwaka 1914. Kwa hiyo wamisionari walikuwa na Biblia za pwani zinazopishana, na ndiyo maana baadaye ikaundwa moja ya kuunganisha, ile Union Version iliyokamilika 1952. Huku kwetu, C. T. Studd alifanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kingwana kabla ya kufa kwake Ibambi mwaka 1931, na Biblia nzima ya Kingwana ikachapwa 1960. Hizi zote, pamoja na Segond ya Kifaransa ya 1910, ni za ukoo mmoja kwa namna ya kufanya kazi: mtafsiri anajitahidi kufuata maneno na mpangilio wa lugha ya asili hata pale msomaji atakapopata taabu. Habari Njema, iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja na kutoka nzima katikati ya miaka ya 1990, ni ya ukoo wa pili: mtafsiri anauliza kwanza maana, kisha anaitamka jinsi watu wanavyosema. Kwa Kifaransa ziko za ukoo huo huo, kama Parole de Vie ya mwaka 2000, iliyoandikwa kwa maneno machache yaliyochaguliwa ili mtu ambaye Kifaransa si lugha yake ya nyumbani asizame.

Kila ukoo una udhaifu wake, na udhaifu wa mmoja huonekana unapouweka kando ya mwingine. Anayefuata maneno anakuachia fumbo mikononi. Anayefuata maana anaweza kukufumbulia kwa namna ambayo mwandishi wa asili hakuikusudia, na wewe huwezi kujua kwamba palikuwa na fumbo. Chukua barua ya kwanza ya Paulo kwa Timotheo, sura ya 6, mstari wa 6. Union Version inatumia pale neno la zamani la pwani, utauwa, yaani uchaji wa Mungu. Kijana wa Bunia ambaye hajawahi kulisikia nyumbani wala sokoni ataliona kama kosa la chapa, au mbaya zaidi atalisoma kama tishio la kuuawa. Akifungua Habari Njema dakika hiyo hiyo, ataona kwamba Paulo anazungumza juu ya kumcha Mungu na kuridhika na ulichonacho. Hapo tafsiri ya pili imemwokoa. Mahali pengine kazi inageuka: Habari Njema imekwisha kuamua maana moja, na ni Union Version au Segond inayomwonyesha kwamba maneno yenyewe yaliacha mlango wazi.

Hili ndilo linalonifanya niseme tafsiri ya kwanza iwe katika lugha ya kuamulia mambo, na si katika lugha ya heshima. Wako watu mjini wanaosoma Biblia kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya shule na ofisi, ilhali wakikosana na mume, wakifiwa, wakihesabu pesa usiku, wanawaza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Mwongozo unaoingia kwa lugha moja na kutekelezwa kwa lugha nyingine hupotea njiani. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896 na kufariki huko mwaka 1933, alilielewa jambo hili. Alikuwa na lugha kubwa za kutosha za kuhubiria, lakini akakaa chini kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha ya Wambuti wa msituni, watu ambao wengine hawakuwahesabu hata kuwa wasikilizaji. Kama kuna Maandiko kwa lugha uliyonyonya nayo, hayo yawe ya kwanza kwako hata kama kitabu chenyewe kimechakaa na herufi zake ni ndogo. Kiswahili au Kifaransa kitakuwa shahidi wa pili, na ni shahidi mzuri.

Sasa tuje kwenye mfano ambao kwangu ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa unahusu mwili wa mtu. Katika Injili kuna baba aliyemleta mtoto anayeanguka kifafa. Wanafunzi wakashindwa kumponya. Yesu akamponya, na walipomuuliza kwa nini wao wameshindwa, akawajibu. Watu wengi katika vyumba vya maombi wanalijua jibu hilo kwa namna moja tu: kwamba jambo la namna hii halitoki ila kwa sala na kufunga. Juu ya msingi huo mgonjwa anaambiwa akae siku tatu, siku saba, bila chakula, na wakati mwingine bila dawa zake. Lakini fungua Marko 9:29 katika Union Version au katika Segond ya 1910: linatajwa ombi peke yake, hakuna kufunga. Kufunga kunapatikana katika Mathayo 17:21, na Union Version yenyewe imeuweka mstari huo ndani ya mabano. Mabano yale yana sababu. Mstari huo haumo katika nakala mbili za kale zinazotegemewa sana, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, na neno la kufunga halimo pia katika Marko ya nakala hizo. Wataalamu wengi wanaona kwamba wanakili wa baadaye, waliokuwa wakiishi katika kanisa lenye desturi kubwa ya kufunga, waliliongeza.

Tuseme basi kwamba hukubaliani na wataalamu hao na unaamini kufunga kulikuwamo tangu mwanzo. Ni haki yako, na wako Wakristo wenye akili wanaoamini hivyo. Soma sura nzima hata hivyo. Anayeambiwa juu ya sala, na juu ya kufunga ukitaka, ni nani? Ni wanafunzi walioshindwa. Mtoto hakuambiwa afunge. Baba yake hakuambiwa amnyime mtoto chakula. Hakuna tafsiri hata moja, ya ukoo wowote, ya kanisa lolote, inayomfanya mgonjwa kuwa ndiye wa kushinda njaa. Anayemfungisha mgonjwa kwa andiko hili amekosa mara mbili: hakutazama tafsiri ya pili, na hakutazama nani anasema na nani. Mtu mwenye kisukari, mama mjamzito, mtoto anayemeza vidonge vya kifafa kila jioni, hawa wanaweza kufa kwa kosa hilo. Pasta anayeombea mgonjwa na afunge yeye.

Hapa inafaa niseme neno juu ya vile vitabu 7 ambavyo Mkatoliki anavyo na Mprotestanti hana, kwa sababu mara nyingi vinatajwa kwa ajili ya ugomvi tu. Kimoja ni kitabu cha Yoshua bin Sira. Sura yake ya 38 inafundisha kwamba mganga anastahili heshima, kwamba Mungu ndiye aliyemweka, kwamba dawa zinatoka katika ardhi na mwenye akili hazidharau, na kwamba mgonjwa amwombe Mungu kisha amwachie mganga nafasi ya kufanya kazi yake. Mprotestanti hana lazima ya kukihesabu kitabu hiki kuwa Neno la Mungu ili afaidike nacho; akisome kama anavyosoma ushauri wa mzee mwenye hekima. Na akitaka shahidi kutoka ndani ya vitabu vyake 66, Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimwita Luka tabibu mpendwa. Makanisa ya Kiprotestanti ya eneo hili, yaliyosoma Biblia hizi hizi, ndiyo yaliyoshirikiana kujenga hospitali ya Nyankunde. Wazee wale walifunga na kuomba, wakanunua pia vitanda na dawa.

Kitabu hicho cha Sira kina jambo lingine ambalo ningependa kila mnunuzi wa Biblia alijue. Mjukuu wa mwandishi, aliyekitafsiri kwa Kigiriki zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, aliandika dibaji akiomba radhi: anakiri kwamba mambo yaliyosemwa kwa Kiebrania hayana nguvu ile ile yakipelekwa katika lugha nyingine, na kwamba hata Torati na Manabii wakitafsiriwa hutofautiana si kidogo na asili yao. Mtafsiri mwaminifu anakuambia mwenyewe kwamba kazi yake ina mipaka. Anayekuambia kwamba toleo lake peke yake halina doa, mwulize zaidi.

Kuna maandiko ambayo tafsiri zote zinakubaliana, na bado watu wanapotea. Hapo ndipo sura nzima inapofanya kazi ambayo tafsiri ya pili haiwezi. Yeremia 29:11 ni mstari unaopendwa sana, ule ambamo Mungu anasema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, ya amani na tumaini. Tangu mwisho wa mwaka 2017 maelfu ya familia zimekimbia eneo la Djugu na kuja Bunia, na wengine hata leo wako kwenye kambi kama Kigonze. Ni rahisi kumpa mtu wa kambini mstari huu na kumwambia kwamba atarudi kwake karibuni. Lakini rudi nyuma mstari mmoja tu: Yeremia anataja miaka 70. Rudi nyuma zaidi hadi sura ya 28, utamkuta nabii mwingine, Hanania, akiwaahidi watu kwamba mateka na vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka 2, na Yeremia akimkana hadharani. Barua ya sura ya 29 iliandikwa ili kuzima matumaini ya Hanania. Inawaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na waombee amani ya mji walimo. Anayeutumia mstari wa 11 kuahidi kurudi upesi anasema maneno ya Yeremia kwa mdomo wa Hanania. Kwa mkimbizi wa ndani tofauti hiyo ina uzito wa kweli: mmoja anakaa akingoja wiki ijayo na haandikishi mtoto shule, mwingine anaomba amani ya Djugu kila siku na wakati huo huo anatafuta kipande cha ardhi cha kulima mboga. Yeremia alimpa tumaini huyo wa pili.

Biblia yenyewe inatuonyesha jinsi andiko moja lililotengwa na mengine linavyoweza kumwua mtu. Mjaribu alimsimamisha Yesu juu ya mnara wa hekalu na kumsomea Zaburi ya 91, kwamba malaika watamchukua mikononi asijikwae. Hakubuni kitu, andiko lilikuwa andiko. Ila ukilinganisha Mathayo 4 na Zaburi yenyewe utaona kwamba kuna maneno aliyoyaruka, yale yanayosema kulindwa ni katika njia zako zote, yaani njia za mtu anayekwenda na Mungu wake, na kujirusha kutoka mnarani si mojawapo. Yesu hakuikana Zaburi. Alileta andiko la pili kutoka Kumbukumbu la Torati, lisilomruhusu mtu kumjaribu Mungu, na la kwanza likarudi mahali pake. Zaburi hiyo hiyo inataja tauni. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 ilifika mkoa wetu wa Ituri, na hadi ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imewaua watu zaidi ya 2,200 katika mikoa iliyoguswa. Mtu aliyekuwa tayari kuosha maiti kwa mikono mitupu kwa kuitegemea Zaburi ya 91 angekuwa amesimama pale pale mnarani.

Najua yatakayosemwa dhidi ya shauri hili. La kwanza ni kwamba Mungu huongoza pia bila mahesabu yote haya: mtu anaomba, anafunga macho, anafungua kitabu, anaweka kidole, na kidole kinaangukia neno lake. Watetezi wa njia hii humtaja Augustino, Mwafrika wa kaskazini, ambaye mwaka 386 akiwa Milano alisikia sauti ikimwambia achukue asome, akafungua barua za Paulo na kuongoka. Ni kweli. Lakini tazama mambo yanayoachwa. Augustino alikuwa akizisoma barua zile kwa bidii tayari. Andiko alilokutana nalo, la Warumi 13, linakataza ulevi na uasherati. Hakuna tafsiri inayolibadilisha, na halikumwambia amwoe nani wala auze shamba gani. Alilionyesha papo hapo kwa rafiki yake Alipio. Na alipokuwa askofu aliandika katika barua kwamba hapendezwi na watu wanaotumia kurasa za Injili kupigia kura za mambo yao ya dunia. Zaidi ya hayo, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo aliwashauri wasomaji wasiojua Kiebrania na Kigiriki walinganishe tafsiri nyingi. Anayemfuata Augustino na amfuate mpaka mwisho.

La pili ni shutuma inayozunguka kwenye simu, kwamba tafsiri mpya zimefuta mistari ili kuharibu imani. Hofu hiyo inatoka kwenye upendo wa Neno, na siidharau. Lakini mstari uliowekwa kwenye mabano au kwenye maelezo chini ya ukurasa haujafutwa. Umeandikiwa wazi kwamba nakala za kale hazikubaliani juu yake. Watafsiri wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, ambayo ndiyo hutajwa kama ngome ya usafi, waliweka wenyewe pembeni mwa kurasa zao usomaji wa namna nyingine, na katika dibaji yao wakatetea wingi wa tafsiri kuwa ni faida kwa anayetafuta maana. Kuficha mashaka kungekuwa rahisi kwao. Hawakuficha.

Wengine watasema Roho Mtakatifu anatosha, na kwamba kulinganisha vitabu ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu cha Shalom, si ya muuza ndizi wa Ngezi. Nakubali kwamba Roho hufundisha, na ndiyo maana simwamini mtu anayeogopa kumpa Roho ukurasa wa pili. Towashi wa Ethiopia alikuwa anasoma Isaya kwa sauti ndani ya gari lake. Roho hakumnong'onezea maana, alimtuma Filipo akakae naye. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama hata mtume amesema kweli. Muuza ndizi anajua kulinganisha vitu viwili kabla ya kutoa pesa yake. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba anaruhusiwa.

Katika kuchagua hiyo tafsiri ya pili, uliza pia nani aliifanya na aliwafanyia nani. Karl Roehl, Mjerumani aliyetoa Biblia yake ya Kiswahili mwaka 1937, alijitahidi kuondoa maneno yenye asili ya Kiarabu, kana kwamba Kiswahili kingekuwa cha Kikristo zaidi kwa kupoteza sehemu ya damu yake. Kazi yake ina ufundi, lakini nia ile inaonekana ndani yake. Tafsiri ya Ulimwengu Mpya, inayotolewa na Mashahidi wa Yehova, ni kazi ya jumuiya moja na inasoma baadhi ya mistari, kama Yohana 1:1, kulingana na fundisho la jumuiya hiyo. Simzuii mtu kuisoma, ila asiifanye kuwa shahidi pekee. Kanuni hiyo hiyo inaihusu Kurani. Ya kwanza kamili kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, akiwalenga zaidi Wakristo waliohitaji kuujua Uislamu. Mwaka 1953 ikaja ya Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Mashehe wengi wa pwani hawakuikubali, na Shehe Abdullah Saleh al-Farsy akatoa ya kwake mwaka 1969. Ikafuata ya Ali Muhsin al-Barwani mwaka 1995. Mkristo anayetaka kuelewa jirani yake anaamini nini asome ya al-Farsy au ya al-Barwani, zile Waislamu wenyewe wanazozishika, asianze na ya Dale. Na Mwislamu anayesoma makala hii anajua tayari kwamba kwao tafsiri ni maelezo ya maana, na Kurani yenyewe ni ile ya Kiarabu. Basi akikuta aya inayogusa ndoa, mirathi au talaka yake, asiishie kwenye upande wa Kiswahili wa ukurasa. Aende kwa mwalimu aliyesomea. Hakuna aibu katika kukopeshana adabu hii: jina Kingwana lenyewe, tunalokiitia Kiswahili cha Biblia yetu ya 1960, linatokana na Waungwana, Waislamu waliokuja huku na misafara ya wafanyabiashara wa pwani.

Kwa vitendo, basi. Asiyesoma lugha nyingine ila Kiswahili ashike Habari Njema ya kusoma kila siku na Union Version ya kupimia, au kinyume chake ikiwa amezoea Union Version tangu utoto. Kingwana inaweza kuchukua nafasi ya Union Version kwa mtu ambaye Kiswahili cha Unguja kinamchosha. Mwanafunzi mwenye Segond asiongeze toleo lingine la Segond. Achukue Parole de Vie au Habari Njema. Mkatoliki atafute Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, na kwa Kifaransa aiweke kando ya Biblia ya Yerusalemu au ya TOB, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanya pamoja. Anayenunua aangalie kwanza kama toleo lina maelezo chini ya kurasa, kwa sababu Biblia isiyo na maelezo inakuficha mahali watafsiri walipositasita. Pesa zikiwa chache, moja inatosha nyumba moja, kwa maana nyumba ya pili itakuwa na nyingine. Na simu yenye programu ya Biblia hubeba kadhaa bila uzito. Mzazi asiyesoma asomewe sura nzima na mtoto wake, mara mbili, kwa tafsiri mbili, kisha aulizwe yeye amesikia nini.

Wachungaji, makatekista na viongozi wa vyumba vya maombi nawaomba jambo moja zaidi. Mnapompa mtu andiko la kumwongoza, mpeni na sura, na mwambieni aisome katika Biblia isiyo ya kanisa lenu kabla hajarudi kwenu. Na uamuzi ukigusa uhai wa mtu mwingine, mgonjwa aliyelala, mtoto, mke anayepigwa, jirani wa kabila lingine, usiufanye peke yako hata kama tafsiri zote zimekubaliana: mgonjwa apelekwe hospitalini leo, na kusoma kuendelee kando ya kitanda chake.